Meno ya Coxwell na Majina 5,154

Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alisimama karibu na Mwanza ya leo, akalitazama ziwa ambalo watu wa pale walikwisha kulivua samaki vizazi na vizazi, akalipa jina la malkia wake. Alikuwa na vipimajoto mzigoni, na kazi yake ilikuwa kuchemsha maji. Chai haikuwemo. Maji huchemka mapema kadiri unavyopanda, karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300, hivyo mwenye sufuria na kipimajoto kizuri anaweza kujua yuko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Speke akapata futi 3,740, yaani mita 1,140 hivi. Leo satelaiti hulipima ziwa hilohilo kwa mawimbi ya redio na kujua likipanda au kushuka kwa sentimita chache tu, na jibu lake ni mita 1,134 au karibu na hapo, kutegemea mvua. Yule bwana alilenga shabaha kwa sufuria.

Kabla ya kumpigia makofi, tukumbuke kwamba mwaka huohuo, kwa kipimajoto kibovu, alilipima Ziwa Tanganyika akapata futi 1,844. Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari. Alikosea kwa zaidi ya mita 200, na kosa hilo likatumika miaka mingi katika ugomvi wa chanzo cha Nile. Safari moja, mtu mmoja, kipimo bora na kipimo kibovu.

Victoria alitawala tangu 1837 hadi 1901. Nimekusanya hapa rekodi za sayansi za enzi yake na zile zilizokuja kuzivunja. Tarakimu zimekua, hilo kila mtu analijua. Mimi niliangalia zaidi jina linaloandikwa mbele ya tarakimu.

Aliyetembea kuliko wote

Nianze na jina ambalo halikuandikwa kwenye ramani. Sidi Mubarak Bombay alizaliwa upande wa Uyao, akakamatwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa India. Aliporudi Unguja akiwa mtu huru aliingia jeshi la Sultani, na huko ndiko Burton na Speke walikomkuta 1857. Alikwenda nao Ujiji. Alikwenda tena na Speke na Grant hadi Uganda na kuufuata mto Nile. 1871 alikuwa na Stanley katika safari ya kumtafuta Livingstone. Kisha, kati ya 1873 na 1875, akalivuka bara zima pamoja na Cameron, kutoka pwani yetu hadi bahari ya Atlantiki upande wa Angola. Sehemu kubwa ya njia zote hizo ni kwa miguu. Wazungu walibadilishana, Bombay akabaki yuleyule. Chama cha Jiografia cha London kilimpa pensheni. Ziwa hakupewa hata moja.

Aliyepanda kwa meno

Tarehe 5 Septemba 1862, James Glaisher, mtaalamu wa hali ya hewa mwenye umri wa miaka 53, alipanda puto kutoka Wolverhampton pamoja na mrusha puto Henry Coxwell. Walikuwa na vipimajoto, vipimahewa na njiwa sita kwenye kitundu. Oksijeni hawakuwa nayo. Njiwa mmoja alipoachiwa huko juu hakuruka, alianguka kama karatasi.

Walipofika kimo cha mlima Everest, Glaisher macho yakafifia, mikono ikalegea, akazimia. Coxwell alikuwa amepanda kwenye pete ya juu kuifungua kamba ya vali iliyojisokota, na baridi ilikwisha kuiua mikono yake. Vidole havishiki tena. Akaikamata kamba kwa meno, akavuta mara mbili tatu, gesi ikatoka, puto likaanza kushuka. Glaisher alipozinduka aliomba radhi kwa kulala? Hapana, alichukua kalamu akaendelea kuandika vipimo pale alipoachia. Kwa hesabu zake mwenyewe walifika kilomita 11. Wengi leo hawaamini, lakini hata ukimpunguzia, walikuwa karibu mita 8,800, na hakuna aliyekuwa amefika huko akarudi akiwa na daftari.

Kwa puto, Alan Eustace alipita mbali sana 2014: mita 41,419, ndani ya suti maalumu yenye hewa yake, kisha akajiachia na kushuka kwa mwavuli. Chombo kilichokwenda mbali kuliko vyote, Voyager 1, kilirushwa 1977 na sasa kimepita kilomita bilioni 24. Hicho hakina meno, na hakina haja nayo.

Bildi ndefu kuliko zote

Manahodha wa pwani hii wanaijua bildi, ile timazi ya kutia majini kujua kina, na wanaijua pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Manowari ya Kiingereza Challenger iliondoka Portsmouth Desemba 1872, mizinga yake yote imeshushwa isipokuwa miwili ili maabara zipate nafasi, ikazunguka bahari za dunia miaka mitatu na nusu ikifanya kazi hiyohiyo ya bildi: kamba, uzito, subira. Tarehe 23 Machi 1875, magharibi ya Pasifiki, kamba ilikwenda pima 4,475 ndipo ikagusa chini. Ni mita 8,184. Ripoti ya safari ilijaza vitabu 50 na ilikamilika miaka karibu 20 baada ya meli kurudi.

Hawakujua kwamba mahali penye kina zaidi palikuwa jirani. 23 Januari 1960 Jacques Piccard na Don Walsh walishuka humo ndani ya Trieste kwa karibu saa tano, hadi mita 10,900 na ushei, wakakaa chini dakika 20 wakapanda. Leo meli hupima kina kwa sauti, maelfu ya vipimo kwa dakika, na bado ni kama robo tu ya sakafu ya bahari iliyochorwa kwa kiwango kinachoridhisha. Kazi ya bildi haijaisha.

Salamu za polepole kuliko zote

Agosti ileile ya 1858 ambayo Speke alikuwa Mwanza, Malkia Victoria alimtumia salamu Rais Buchanan wa Marekani kwa waya mpya uliolazwa chini ya Atlantiki. Maneno 98. Yalichukua saa 16. Ni kama dakika 10 kwa neno moja, na kwa wakati ule ulikuwa muujiza, kwa maana barua ilihitaji meli na siku kumi au zaidi. New York walifyatua fataki. Wiki tatu hivi baadaye waya ulikufa. Fundi mkuu wa umeme, Wildman Whitehouse, daktari wa upasuaji kwa taaluma, aliamini kwamba ujumbe ukichelewa dawa yake ni kuongeza nguvu, akausukumia umeme wa volti zipatazo 2,000. William Thomson, profesa wa Glasgow, alikuwa akisema kinyume: usiongeze nguvu, tengeneza sikio kali zaidi upande wa kupokelea. 1866 meli kubwa kuliko zote za wakati wake, Great Eastern, ililaza waya mwingine, sikio la Thomson likatumika, na maneno manane yakapita kwa dakika. Thomson akapewa heshima ya usir, baadaye ukabaila. Ndiye Lord Kelvin.

Waya ulifika Unguja 1879, ukitoka Aden na kuendelea Msumbiji hadi Durban. Waliokuwa wakingojea bei za karafuu kwa meli za majuma mengi walianza kuzipata siku hiyohiyo. Mrithi wake ni mkongo wa Seacom, uliozinduliwa Julai 2009 ukipita Mombasa na Dar es Salaam, wenye uwezo wa awali wa biti trilioni 1.28 kwa sekunde. Aliyekuwa akitumia intaneti ya satelaiti kabla ya mwaka huo anakumbuka picha moja ikifunguka kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, huku muuza muda wa kibanda akitazama saa. Yule anaweza kumwelewa Buchanan.

Kosa lililoishi miaka mingi zaidi

Hili nalipenda kuliko yote. William Shanks alikuwa mwenye shule ya bweni kaskazini mwa Uingereza. Wakati wake wa ziada aliutoa kwa pai, ile namba ya kugawa mzingo wa duara kwa kipenyo chake, ambayo tarakimu zake hazina mwisho wala mpangilio. Kwa kalamu na karatasi, mwaka baada ya mwaka, alifika tarakimu 707 na kuzichapisha 1873. Rekodi ya dunia. Aliondoka duniani nayo mkononi.

Mwaka 1937, jumba la sayansi la Paris, Palais de la Découverte, liliziandika tarakimu hizo 707 kuzunguka dari la ukumbi wa mviringo. Kisha, katikati ya miaka ya 1940, D. F. Ferguson akarudia hesabu, akaona kwamba Shanks aliteleza tarakimu ya 528. Kila kilichofuata, tarakimu 180, kilikuwa taka tupu. Zaidi ya miaka 70 hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ubishi wa kutosha wa kuanza upya. Paris walilazimika kupanda ngazi na rangi 1949.

Mwaka 2022 Emma Haruka Iwao na wenzake wa Google walitangaza tarakimu trilioni 100. Kompyuta zilifanya kazi miezi mitano na kidogo, na rekodi hiyo nayo imekwisha kuvunjwa. Wahandisi wanaoongoza vyombo vya anga za mbali hutumia tarakimu 15 tu baada ya nukta. Kwa hiyo Shanks, pamoja na kosa lake, alituachia nyingi kuliko tunazoweza kuzitumia.

Baridi kuliko zote

Lord Kelvin, yule wa waya, alipendekeza 1848 kipimo cha joto kinachoanzia mahali ambapo baridi haiwezi kuzidi: sifuri kamili, nyuzi 273 chini ya kiwango cha kuganda maji. Baada ya hapo yakawa mashindano ya nani ataikaribia.

Bingwa wa London alikuwa James Dewar, Mskoti mkali wa maneno, mwenye mikono ya fundi. Tarehe 10 Mei 1898 aligeuza haidrojeni kuwa kimiminika, nyuzi 253 chini ya sifuri. Wasaidizi wake wawili walipoteza jicho, kila mmoja lake, katika milipuko ya maabara ile. Rekodi ilibeba jina la Dewar. Macho yalikuwa ya Lennox na Heath.

Ili kuhifadhi baridi ya namna hiyo, Dewar alikuwa amebuni mapema, 1892, chupa yenye kuta mbili za kioo, kati yake hewa imenyonywa, na kioo kimepakwa rangi ya fedha. Joto halina pa kupita. Hakuiandikisha hataza. Fundi kioo wa Berlin, Reinhold Burger, aliona kwamba kinachozuia joto lisiingie kitazuia pia lisitoke, na 1904 kampuni ya Thermos ikaanza kuuza. Dewar alikwenda mahakamani akashindwa. Chupa ya chai iliyopo mezani kwako, ile yenye maua ubavuni ambayo ukiiangusha unasikia vioo vikimwagika ndani, ilizaliwa kuhifadhi kitu cha baridi kuliko barafu yoyote duniani. Sijui chombo kingine cha maabara kilichoingia nyumba nyingi za Waswahili kama hicho.

Lililobaki lilikuwa heliamu, na hapo Dewar alikwama. Gesi hiyo ilikuwa adimu, na aliyekuwa nayo kwa wingi London alikuwa William Ramsay, ambaye Dewar alikuwa haongei naye. Wakati huohuo, Leiden huko Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alikuwa amejenga maabara kama karakana: mafundi wa kioo, mafundi wa vyombo, shule ya kuwafunza vijana, mashine zilizopangwa hatua kwa hatua. Tarehe 10 Julai 1908 heliamu ikawa kimiminika, nyuzi nne na kidogo juu ya sifuri kamili. Kwangu mimi hapo ndipo enzi ya Victoria ilipokwisha katika sayansi, miaka saba baada ya malkia mwenyewe kuzikwa. Hodari mmoja mwenye hasira alishindwa na karakana yenye watu wa kutosha.

Rekodi ya sasa iliripotiwa 2021 kutoka mnara wa kudondoshea wa Bremen, Ujerumani: wingu la atomu lililoachwa lianguke bure ndani ya mnara, likafikia sehemu 38 za trilioni ya nyuzi moja juu ya sifuri kamili. Lilidumu sekunde mbili hivi.

Kasi ambayo hakuna anayeitaka tena

Robert Liston, daktari wa upasuaji wa London, aliweza kuukata mguu wa mgonjwa kwa chini ya dakika tatu, na wanafunzi walikuja na saa. Kasi ilikuwa huruma, kwa kuwa mgonjwa alikuwa macho. Oktoba 1846 huko Boston mgonjwa alilazwa kwa mvuke wa etha, na Desemba 21 mwaka huohuo Liston mwenyewe alikata mguu kwa nusukaputi hiyo. Rekodi yake ikawa haina maana siku moja. Hiyo ndiyo namna bora ya kuvunja rekodi.

Jicho kubwa kuliko yote

Lord Rosse alijenga darubini yake shambani kwake Birr, Ireland, nchi ambayo mawingu hayana likizo. Kioo chake cha shaba na bati kilikuwa na upana wa mita 1.8 na uzito wa tani tatu. Mwaka 1845 alikiona kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona: kundi la nyota lenye umbo la konokono. Mwaka huohuo njaa kuu ya viazi iliivamia nchi na darubini ikasimama. Rekodi yake ilidumu hadi 1917. Inayojengwa sasa Chile itakuwa na upana wa mita 39, vipande 798 vya kioo vikisawazishwa na kompyuta, katika jangwa ambalo mvua ni habari.

Mjusi mrefu kuliko wote

Neno "dinosaria" lilibuniwa na Richard Owen 1842, na 1854 sanamu za viumbe hao zikasimamishwa London. Iguanodoni akawekewa pembe puani. Baadaye mifupa zaidi ilipopatikana ikadhihirika kwamba pembe ile ilikuwa dole gumba lake. Sanamu bado zipo, na pembe bado ipo.

Sasa twende Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji na njaa iliyoangamiza kusini, Wajerumani waliongoza uchimbaji wa mifupa uliofikia kuajiri watu kama 500 kwa msimu. Hapakuwa na reli wala barabara. Mifupa ilifungwa, ikabebwa vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, safari baada ya safari, hadi zikatimia tani zipatazo 250. Msimamizi na fundi wa kusafisha mifupa, Boheti bin Amrani, ni miongoni mwa wachache waliobaki na majina katika kumbukumbu. Viongozi wa kisayansi, Werner Janensch na Edwin Hennig, ndio waliochapisha.

Mjusi mkubwa wa Tendaguru alisimamishwa Berlin 1937 na kusimamishwa upya 2007. Ana mita 13.27 kwenda juu, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani inayomfikia kwa kimo. Kila baada ya muda bungeni Dodoma huulizwa kwa nini asirudi. Majibu hutolewa, mjusi hakai chini wala harudi.

Orodha ndefu ya majina

Mwaka 1897 J. J. Thomson, si yule wa waya, alitangaza chembe ndogo kuliko atomu, ile tunayoiita elektroni. Chombo chake kilikuwa bomba la kioo ambalo mtu mmoja angeweza kulibeba mikononi. Aliandika peke yake, ingawa bomba lilipulizwa na fundi wake wa kioo.

Mei 2015 makundi mawili ya mtambo wa chini ya ardhi wa Geneva, wenye mzunguko wa kilomita 27, yalichapisha kipimo cha uzito wa chembe ya Higgs. Makala ina kurasa 33. Tisa ni sayansi. Zilizobaki 24 ni majina ya waandishi na taasisi zao: watu 5,154. Walicheka wengi, wakauliza kama yupo aliyewajua wenzake wote. Mimi sicheki. Ningependa kuuona ukurasa wa namna hiyo kutoka Tendaguru.

Jaribio linalodumu

Rothamsted, kusini mwa Uingereza, shamba la ngano la Broadbalk limepandwa kwa jaribio lilelile la mbolea tangu 1843. Hakuna jaribio la kilimo duniani lililoendelea mfululizo kwa muda mrefu zaidi.

Na Oxford, ndani ya kabati la kioo, kuna kengele mbili ndogo zilizotengenezwa na mafundi Watkin na Hill wa London, na kijirisasi kinachoning'inia katikati yake. Umeme wa betri kavu mbili hukivuta huku na huku, kikigonga kengele hii kisha ile. Kilianza 1840. Kimekwisha kugonga mara bilioni 10 kwa makadirio, kwa mlio ambao kioo kinauzuia usisikike. Betri zimefunikwa kwa salfa, na hakuna ajuaye kwa uhakika kilichomo ndani, kwa kuwa atakayezifungua atakisimamisha.